Mwamsheni Jirani

Usiku mmoja wa Agosti 2009 bweni la wasichana katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, liliwaka moto wenyewe wakiwa wamelala. Wanafunzi 12 walipoteza maisha. Polisi walisema moto ulianza na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Sina neno na msichana anayejisomea usiku. Ndivyo tunavyowahimiza watoto wetu kila siku. Neno langu ni na dari. Ingia leo katika bweni lolote la shule iliyo karibu nawe, inua macho, uniambie unaona nini pale juu zaidi ya bulbu na utando wa buibui.

Idodi haikuwa ya kwanza wala ya mwisho. Mwaka 1994 wanafunzi 40 waliteketea Shauritanga, Rombo. Septemba 2024 watoto 21 wakafa bwenini Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri, Kenya. Kati ya Shauritanga na Endarasha imepita miaka 30. Katika miaka hiyo simu ya mkononi imetoka kuwa kitu cha wenye nazo wachache wa Dar es Salaam mpaka kuwa kitu cha mama anayeuza parachichi Uyole. Fundi wa Mlandege anaifungua simu iliyokufa, anang'oa chipu usiyoweza kuiona vizuri bila lenzi, anabandika nyingine, anafunga, simu inawaka. Ila kile kifaa cha kupiga kelele moshi unapoingia chumbani, wengi wetu bado tunakiona kwenye filamu tu. Hilo tusilisingizie Mungu wala umaskini. Ni kazi iliyokosa mtu wa kuifanya, na mtu huyo anakaa Mbeya, anakaa Iringa, na pengine ndiye anayesoma hapa.

Nawaandikia ninyi mnaoshika pasi ya kulehemu. Wanafunzi wa MUST, chuo kilichoanza mwaka 1986 kama Chuo cha Ufundi Mbeya. Vijana wa VETA wa mikoa yote miwili. Mafundi wa simu na redio wa Kabwe na Miyomboni. Walimu wa fizikia wanaofundisha umeme kwa kuchora ubaoni kwa sababu maabara haina vifaa. Na wewe wa kidato cha tatu ambaye umeshaifungua redio ya baba na kubakiwa na skrubu mbili mkononi. Wewe nakuhitaji kuliko wote.

Najua kifaa hiki si kigeni kwenu. Hakosekani chuoni mwanafunzi aliyekitengeneza kama mradi wa mwaka wa mwisho. Anawasha njiti ya kiberiti mbele ya msimamizi, buza inalia, jopo linatabasamu, alama zinaandikwa, kifaa kinaingia kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Hakijawahi kukaa usiku mmoja juu ya kichwa cha mtu aliyelala. Nimekuja kuwaomba mkitoe kwenye boksi. Nimekuja pia kuwaambia kwamba kikitoka kilivyo, hakitoshi.

Chukua nyumba ya kupanga ya kawaida ya Ilomba au Kihesa. Korido katikati, vyumba vinne kulia, vinne kushoto, choo uani, na kila mlango una jiko lake la mkaa na ndoo yake ya maji. Chumba cha mwisho kushoto anakaa kijana wa chuo. Ameunganisha ekstensheni moja: hita ya maji, pasi, chaja mbili, spika. Mwenyewe ametoka, yuko kibandani anaangalia mpira. Ekstensheni inaanza kuyeyuka juu ya godoro la sponji. Kama ana king'amua moshi kimoja darini, kitalia kama kilivyoundwa, tena kwa nguvu zote, ndani ya chumba kisicho na mtu, mlango umepigwa kufuli, na nje mvua ya Mbeya inashuka juu ya bati. Nani amesikia?

Sasa unganisha vyumba vyote vinane kwa redio. Cha mwisho kushoto kinanusa moshi, kinapaza sauti hewani, na vile saba vingine vinalia vyote kwa pamoja, kila kimoja futi chache kutoka kwenye mto wa mtu. Mama wa chumba cha pili ameamka. Fundi seremala wa chumba cha tano ameamka, na ana nyundo ya kuvunjia kufuli. Watu wazima kumi wako koridoni wakati moto bado ni wa godoro moja.

Kwetu zimamoto wa kwanza ni jirani. Simdharau askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Namba yake ni 114, haina malipo ya kufikiria mara mbili, ipigwe mara moja. Lakini hesabu ya dakika haimpendelei. Maabara za UL za Marekani ziliwasha moto sebule mbili kuzilinganisha: yenye samani za kisasa za sponji na plastiki iligeuka moto mtupu kabla ya dakika 5 kwisha, yenye samani za zamani za mbao na pamba ilichukua karibu nusu saa. Godoro lako, kochi lako, pazia lako la nailoni, vyote viko upande wa dakika 5. Hakuna gari litakalotoka mjini likapanda hadi Itezi kwa muda huo, hata dereva awe nani. Atakayefika kwa dakika 5 ni mtu aliyelala ukuta wa pili, na hafiki kama hajaamshwa.

Kwa hiyo lengo ndilo hilo, liandikeni juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi: kumwamsha jirani. Mengine yote, redio, betri, sensa, boksi la plastiki, yanakuja kulitumikia.

Msiseme haijawahi kufanyika kwa watu kama sisi. Alfajiri ya mwaka mpya wa 2013 moto uliruka kutoka kibanda hadi kibanda katika mtaa wa BM, Khayelitsha, Cape Town, ukawaacha maelfu bila makao. Katika Chuo Kikuu cha Cape Town, mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, Francois Petousis, akalichukua tatizo hilo chini ya mhadhiri wake, Samuel Ginsberg. Mradi wa chuo, kama wenu. Tofauti ni kwamba wenyewe haukuingia kwenye boksi la viatu: mwaka 2014 ukawa kampuni inayoitwa Lumkani.

Tazameni akili ya watu hao. Kwanza waliukataa moshi. Ndani ya kibanda watu wanapika kwa mafuta ya taa na kuota moto. King'amua moshi kingelia asubuhi, mchana na jioni, na wiki ya pili mwenye nyumba angeking'oa betri akaitie kwenye redio. Wakachagua joto. Kifaa chao hakipimi joto limefika wapi tu, kinapima linapanda kwa kasi gani, kwa sababu jiko la chai hulipandisha taratibu na kibanda kinachoungua hulipandisha ghafla. Kikihisi hatari kinalia chenyewe kwanza. Mwenye nyumba ana sekunde 20 za kukizima kama ni maandazi tu yameungua. Asipokizima, vifaa vyote vilivyo ndani ya mita 40 hivi vinaanza kulia pamoja, na mtambo mmoja unaokusanya taarifa unatuma meseji kwenye simu. Kifaa hicho kilivuka hadi Afrika Mashariki: Msalaba Mwekundu ulikijaribu Mukuru, Nairobi, palepale ambapo vyumba vya mabati vimebanana na njia ya gari haipo.

Sekunde 20 na mita 40. Hapo kuna elimu ya jamii nyingi kuliko uhandisi. Mtu aliyeziweka anajua aibu ya kumwamsha jirani bure na anajua urefu wa uchochoro.

Sasa sisi. Tuna mazingira yetu, na hakuna mhandisi wa Cape Town wala wa Shenzhen atakayetupimia.

Tuna baridi. Juni na Julai, Mbeya, Tukuyu, Mafinga na Makambako, jiko la mkaa linaingia ndani na mlango unafungwa. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ni kosa linaloua: gesi ya monoksaidi ya kaboni haionekani, hainuki, na king'amua moshi hakiioni. Mkaa uliokwisha kushika vizuri, mwekundu, bila moshi hata kidogo, ndio watu wanaouamini na kuuingiza chumbani. Nao ndio unaowalaza moja kwa moja. Anayetaka kuilinda nyumba ya Nyanda za Juu Kusini aweke sensa ya pili, ile ya kielektrokemia, kwa ajili ya gesi hiyo, na aipe mlio wake tofauti na wa moto, kwa kuwa tiba yake ni kufungua mlango na kutoa watu nje, wala si kutafuta ndoo ya maji. Mkiishia kwenye moshi mtakuwa mmelinda nusu ya usiku.

Tuna ukungu na vumbi. Ukungu wa Uporoto unaoingia hadi chini ya dari, na vumbi la Iringa la Septemba, vyote viwili vinaweza kukidanganya kifaa. Tuna urefu kutoka usawa wa bahari: Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, na ile aina ya zamani ya ving'amua moshi, inayotumia chembe ndogo ya mionzi ya amerisiamu, hubadilika tabia hewa inapokuwa nyepesi. Hiyo muiache. Mbali na urefu, hatuna utaratibu mtaani wa kutupa kitu chenye mionzi; kitaishia jalalani, watoto wakichezee.

Chagueni aina ya mwanga. Kifungue kimoja uone. Ndani kuna kijichumba cheusi cha plastiki chenye kuta zilizopindapinda, ili hewa ipite na mwanga wa nje usipite. Upande mmoja kuna taa ya infraredi, upande mwingine fotodayodi, na havitazamani; vimewekwa kwa pembe. Hewa ikiwa safi, mwanga unapita kando bila kuigusa fotodayodi. Moshi ukiingia, chembe zake zinautawanya ule mwanga, sehemu kidogo inairukia fotodayodi, na chipu inapata habari. Basi. Hakuna uchawi mwingine. Kuzunguka kijichumba kuna wavu mwembamba wa kuzuia wadudu, na msiudharau wavu huo: buibui mmoja akihamia ndani, mtaa mzima hautalala.

Na hapa niseme nao waziwazi wanafunzi wanaopenda njia ya mkato. Acheni MQ-2. Najua ni rahisi kupatikana na kila video ya mtandaoni inaitumia. Ile ni sensa ya gesi zinazowaka, ina hita ndani yake, na hita hiyo inakula miliampia 150 hivi muda wote. Betri ya miliampia-saa 2,500 itailisha kwa saa 16 na ushee. Siku haijaisha, imekufa. Kifaa cha mwanga kilichopangwa vizuri, kinacholala na kuamka kupima kwa sehemu ndogo ya sekunde, kinaweza kushuka hadi wastani wa maikroampia 50. Betri ileile sasa inafika saa 50,000, zaidi ya miaka 5 kwenye karatasi. Karatasi haina baridi ya Julai, kwa hiyo punguza nusu. Bado unabaki na zaidi ya miaka 2. Tofauti ya saa 16 na miaka 2 ndiyo tofauti ya mchezo wa maonyesho na kitu cha kumlinda mtoto. MQ-2 wekeni jikoni kwenye mtungi wa gesi kama kuna umeme wa kuilisha, huko ina maana, hasa sasa serikali inapotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034 na mitungi inaingia kila nyumba.

Msitegemee Wi-Fi pia. Kwanza inanyonya betri. Pili, nyumba nyingi hazina. Tatu, umeme ukikatika ruta inazima, na umeme unapokatika ndipo mishumaa inapowashwa. Tumieni redio ndogo za masafa ya chini, zile za MHz 433 au 868, ambazo zinapenya tofali la kuchoma vizuri kuliko zile za 2.4 GHz. Kabla hamjauza hata kimoja, nendeni TCRA mkajue masafa gani na nguvu gani zinaruhusiwa. Kila kifaa kipokee na kupitisha. Kila ujumbe uwe na namba yake, ili kifaa kilichokwisha kuusikia kisiurudie. La sivyo nyumba zitabaki zinajibizana mpaka alfajiri, na mtafukuzwa mtaa.

Halafu liko jambo ambalo wengi wanalisahau, na kwangu ndilo moyo wa kazi nzima. Kifaa kimoja kimoja kijitangaze kwamba kiko hai. Mara chache kwa siku kiseme hewani: niko hapa, betri yangu kiasi hiki. Kikinyamaza, mtambo mkuu ujue na useme. Takwimu za NFPA, shirika la kinga ya moto la Marekani, zinaonyesha kwamba vifo kwa kila mioto 1,000 ya majumbani hupungua kwa karibu asilimia 60 palipo na king'amua moshi kinachofanya kazi. Neno zito hapo ni kinachofanya kazi. Kisichofanya kazi ni hatari kuliko kutokuwa nacho, maana watu wamelala wakikiamini. Na hapa mtandao unakishinda kifaa cha dukani cha peke yake: cha dukani kikiishiwa betri kinalialia kwa vituo, mpangaji anakereka, anakishusha, anakiweka kabatini. Chenu kitamwambia balozi kwamba chumba cha sita hakina betri tangu Jumanne, naye atapita kugonga mlango akitoka kanisani.

Sasa sauti. Kipimo cha kawaida cha king'ora cha nyumbani ni desibeli 85 kwa umbali wa mita 3. Kijaribuni chini ya bati wakati wa mvua ya Machi, si katika maabara tulivu. Tena msidhani mlio mkali mwembamba unaamsha kila mtu. Watafiti wa hospitali ya watoto ya Columbus, Ohio, walichapisha mwaka 2006 jaribio lao kwa watoto 24 waliolala usingizi mzito. Mlio wa kawaida uliwaamsha 14. Sauti ya mama iliyorekodiwa, ikimwita mtoto kwa jina na kumwambia la kufanya, iliwaamsha 23. Mmelisoma hilo vizuri? Moduli ndogo ya kucheza sauti inapatikana, kadi ya kumbukumbu inapatikana, na mama yupo. Rekodini: "Neema, amka! Moto! Toka nje!" Mwenye kutaka kwa Kinyakyusa arekodi kwa Kinyakyusa, kwa Kihehe vivyo hivyo, kwa Kibena kule Njombe. Hakuna kiwanda cha ng'ambo kitakachowafanyia hivyo. Hili mnaliweza wiki hii, na hapo mtakuwa mmewapita wauzaji wote wa vifaa vya kuagiza.

Nasikia sauti ya mkatisha tamaa: mtaji uko wapi? Kiwanda kiko wapi? Miaka ya 1960, huko Colorado, Duane Pearsall hakuwa anatafuta king'amua moshi. Alikuwa na kampuni ndogo, yeye na wenzake wanahangaika na mashine ya kupunguza umeme tuli. Fundi mmoja akavuta sigara karibu na meza, mshale wa mita ukaruka. Wengine wangemfokea asivute kazini. Pearsall akaufuata ule mshale, na king'amua moshi cha nyumbani cha kutumia betri kikaanzia katika karakana hiyo. Mita mnazo. Karakana mnazo. Ukichaa wa kuufuata mshale ndio ninaoutaka.

Na msaada upo karibu kuliko mnavyofikiri. SIDO ipo Mbeya na ipo Iringa, na kazi yake ni kumshika mkono mwenye karakana ndogo. COSTECH inatafuta wabunifu, na mashindano ya kitaifa, MAKISATU, yamewahi kuwaibua watu wasio na cheti chochote. Wanafunzi wa sekondari wana Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011, na mradi wa moto bwenini ungewanyamazisha majaji. Nane Nane mnayo mlangoni: viwanja vya John Mwakangale hujaa watu wa mikoa yote ya kanda hii, wakiwemo wakuu wa shule za bweni na wenye hosteli. Msiende na bango la rangi. Jengeni kibanda kidogo cha mbao chenye vyumba vitatu, tieni moshi chumba kimoja, waacheni wasikie vyote vitatu vikiita. Pembeni mkae na askari wa Zimamoto mkoa; mwombeni mapema, watu hao wamechoka kuitwa baada ya tukio na watafurahi kualikwa kabla.

Wafanyabiashara wa Mwanjelwa hamna haja ya kuwahubiria. Soko lao liliteketea mwaka 2006. La SIDO, jirani tu, likaungua Agosti 2017. Nendeni kwa katibu wao na daftari, mwulizeni usiku mlinzi mmoja anasikia mpaka kibanda cha ngapi. Jibu lake litawapa umbali wa redio yenu vizuri kuliko kitabu chochote.

Niwaonye pia, kwa sababu hamasa bila adabu inaua. Kifaa chenu cha kwanza ni cha majaribio. Kiwekeni sambamba na kilichothibitishwa, kile cha kununua chenye alama ya kiwango, mpaka kimethibitika. Msimwambie mama yeyote kwamba yuko salama kwa sababu yenu hadi TBS na Zimamoto wamekitazama. Meseji zisipelekwe 114 zenyewe kila kifaa kinapopiga chafya. Ziende kwanza kwa watu watatu wa karibu, mmoja wao balozi, nao wathibitishe kwa macho na kupiga simu. Andikeni kila mlio wa uongo: saa ngapi, chumba gani, nani alikuwa anakaanga nini. Daftari hilo ndilo litakalowafundisha mahali pa kuweka sensa ya joto badala ya moshi, na mtashangaa jinsi samaki wa kukaanga anavyoweza kuitikisa hesabu ya mhandisi.

Basi tuanze, na tuanze padogo. Msitafute mkoa mzima, wala kata, wala shule yenye wanafunzi 800. Korido moja. Vifaa vitano: vinne vya vyumba, kimoja cha jikoni cha kupima joto. Mtambo mkuu mmoja wenye laini ya simu na betri yake ya akiba. Vikae darini kuanzia mwisho wa masika mpaka baridi iishe, mvua ivijaribu, mkaa uvijaribu, wapangaji wavichoke na kuvizoea. Mkitoka na usingizi wa watu uliokatizwa mara chache na betri zilizobaki nusu, mna kitu. Mkitoka na malalamiko, mna kitu kikubwa zaidi, rudini mezani.

Jumamosi hii kamtafuteni mwenye nyumba mwenye korido. Mwamkieni kwanza, "Shikamoo mzee," kaeni, nyweni chai yake, msianze na masafa wala maikroampia. Mwambieni mnataka kumwekea kifaa cha kuwaamsha wapangaji wote nyumba ikishika moto usiku, bure kwa majaribio, na mtapita kila wiki kukikagua. Atawaambia kwamba nyumba yake haijawahi kuungua. Mwacheni amalize. Kisha atauliza betri zikiisha atalipa nani, yeye au mpangaji, na kama kitamharibia siling bodi yake mpya. Kuhusu siling bodi, nendeni na skrubu fupi. Kuhusu betri, kubalianeni ninyi kwa ninyi kabla hamjabisha hodi, maana swali hilo ndilo litakaloamua kama mtapandisha ngazi siku hiyo au mtarudi nayo nyumbani.